Betri Kwanza: Kusoma Faili la Mipangilio la Linux Nyepesi

Yapo maandishi ambayo msomaji wake wa kwanza ni mashine. Mtu huyaandika kwa mkono wake, huyapanga mstari kwa mstari, hufuta, hurudia, kisha humkabidhi msomaji asiyecheka, asiyechoka na asiyesamehe mabano yaliyosahaulika. Ni mafaili ya mipangilio, yale yanayouambia mfumo endeshi uwake vipi, ubebe nini na uache nini. Wahakiki wa fasihi hawana habari nayo. Watu wa kompyuta wanayo tele, ila huyanakili kuliko wanavyoyasoma. Hapa nayasoma kwa fani yake: mpangilio wa mistari, sarufi, vilivyoachwa nje, na sauti ya aliyeandika.

Mwanafunzi wa sekondari Tanzania hufundishwa kuligawa andiko mafungu mawili, maudhui huku na fani kule, na mtihani hudai kila fungu lijibiwe peke yake. Mgawo huo una faida zake kwenye riwaya. Kwenye faili la mipangilio unavunjika papo hapo, kwa kuwa fani ndiyo inayotenda. Hamisha mstari wa tisa uwe wa kwanza, na mashine inafanya jambo jingine. Ondoa nukta mwanzoni mwa jina la faili, na faili halisomwi kabisa. Nukta hiyo ina hadithi yake. Rob Pike, mmoja wa wakongwe wa Unix, alieleza kuwa mafaili yanayoanza kwa nukta yalifichika kwa bahati mbaya. Aliyeandika programu ya kuorodhesha mafaili alitaka kuficha alama mbili tu: nukta moja inayosimamia folda uliyomo, na nukta mbili zinazosimamia folda ya juu yake. Akapima herufi ya kwanza peke yake, na kila jina lenye nukta mbele likatoweka machoni. Njia ya mkato ya mtu mmoja ikawa kanuni ya utanzu mzima. Tangu hapo watu huandika mipangilio yao mahali pasipoonekana, na pengine ndiyo sababu wengi huiandika ovyo.

Mandhari ya uhakiki huu ni Nyanda za Juu Kusini. Mbeya, pale Iyunga, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, kikawa taasisi mwaka 2005 na chuo kikuu mwaka 2012. Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa upande wa Kihesa, kuna Mkwawa, kuna Ruaha. Kompyuta mpakato inayomfikia mwanafunzi wa huko mara nyingi ni ya mtumba: RAM ya GB 2 au 4, diski ya kuzunguka, betri iliyokwisha kula chumvi nyingi. Ubuntu ya mezani hupendekeza RAM isiyopungua GB 4 na nafasi isiyopungua GB 25, maana yake mashine hiyo inaanza safari ikiwa imeshajaa. Mtu akiiondolea mapambo, akabakiza terminali, kihariri, git, kompaila na kivinjari kimoja, inarudi kazini. (Baridi ya Mbeya ya mwezi Juni nayo husaidia. Feni hupumzika.)

Linux yenyewe ilizaliwa kwenye mashine ndogo. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliianza mwaka 1991 kwenye kompyuta ya 386 yenye RAM ya MB 4. Uzito ulikuja baadaye. Na ni Finland hiyo hiyo iliyoshirikiana na Iringa mwaka 2007, pale chuo cha Tumaini, ambacho sasa ndicho Chuo Kikuu cha Iringa, kilipoanzisha shahada ya teknolojia ya habari pamoja na Chuo Kikuu cha Joensuu. Matti Tedre na wenzake waliofundisha pale walishikilia kwamba mtaala wa kimataifa usihamishwe mzima mzima, kwamba mazingira ya mahali yaingie ndani ya somo lenyewe. Miaka mitatu kabla, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa msaada wa Sweden kiliendesha mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kilinux iligusa vitufe na menyu. Iringa iligusa mtaala. Kati ya hayo mawili naona tabaka lililobaki wazi: faili ambalo mwandishi wa programu hulihariri mwenyewe usiku, akiwa peke yake, na ambalo halina menyu ya kutafsiri.

Ukiyafungua mafaili haya kwa wingi utakuta sarufi tatu.

Ya kwanza ni orodha ya nomino. Mfano wake safi ni Tiny Core Linux, iliyoanzishwa na Robert Shingledecker, ambayo toleo lake lenye madirisha lina ukubwa wa MB ishirini na kitu, pungufu ya video moja ya harusi. Unachotaka kiwepo wakati wa kuwaka unakiandika kwenye faili liitwalo onboot.lst. Ndani yake hakuna kitenzi hata kimoja. Jina, mstari mpya, jina: compiletc.tcz, git.tcz, na kadhalika. Inasomeka kama ile orodha anayopewa mzazi mtoto akichaguliwa shule ya bweni: godoro, ndoo, jembe, shuka mbili. Hakuna anayeeleza jembe ni la nini. Na kama ilivyo kwenye orodha ile, jina moja huficha mengi: compiletc ni mstari mmoja, lakini nyuma yake huburuta gcc, make na ukoo wao wote.

Faili la pili la Tiny Core ndilo linalostahili kusomwa taratibu. Mfumo huu huishi ndani ya RAM. Ukizima, unasahau, ukiwasha, unaanza upya kama siku ulipoletwa. Kinachosalia ni kile tu kilichotajwa kwenye .filetool.lst, ambacho wakati wa kuzima hufungashwa pamoja na kuwekwa kwenye mydata.tgz. Faili hilo linapokuja lina maneno mawili, opt na home, yamekaa juu na chini. Kwa ufupi huo linaamua nini kitakumbukwa na nini kitapotea, na sijui andiko jingine la maneno mawili lenye mamlaka makubwa kiasi hicho. Lakini fani hii ina dhana iliyojificha: kwamba kuzima ni uamuzi. Aliyeibuni aliona mtu anayemaliza kazi, anabonyeza kitufe, anasubiri kufungasha kukamilike, anaenda kulala. Masika ya Mbeya hayafuati utaratibu huo. Umeme ukikatika saa mbili usiku, na betri ni ya mapambo, mydata.tgz inabaki ya jana na msimbo wa leo umekwenda na mvua.

Dawa ipo, nayo ni ya kifani. Kwenye mstari wa kuwashia unaongeza home=sda2, na folda yako ya kazi inahamia kwenye diski ya kudumu, nje ya mzunguko wa kusahau na kukumbuka. Kisha unarudi kwenye .filetool.lst na kufuta neno home. Faili linabaki na neno moja. Hapo ndipo unaona wepesi wa kweli ulivyo: mfumo umekuwa mfupi zaidi na salama zaidi kwa wakati mmoja, kwa sababu neno lililofutwa lilikuwa limebeba dhana isiyolingana na mahali. Asiyelifuta atalipia kwa namna nyingine pia. Miradi yake itanenepa ndani ya mydata.tgz, na mashine iliyosifiwa kwa kuwaka haraka itakaa ikifungua mzigo kila asubuhi.

Alpine Linux, ya Natanael Copa, ina sarufi ya aina hiyo kwenye faili la /etc/apk/world: majina ya pakeji ulizozitaka wewe, na mfumo unajaza zilizobaki. Ni faili la kupendeza kusoma. Ila Alpine inatumia maktaba ya musl badala ya glibc iliyozoeleka, na programu nyingi zilizokwisha kukompailiwa hazikuandaliwa kwa ajili yake. Wanaoandika Python walisubiri hadi mwaka 2021 kupata kanuni rasmi ya kusambaza pakeji tayari kwa mifumo ya musl; kabla ya hapo mara nyingi ilibidi kukompaili mwenyewe, kazi ndefu kwa prosesa dhaifu. Kwa seva, Alpine. Kwa anayejifunza akiwa Kihesa na bando la wiki, hapana.

Sarufi ya pili ni ya usawa: jina kushoto, thamani kulia, katikati alama moja au nafasi tu. vm.swappiness=60 ndivyo keneli inavyokuja, nambari inayoiambia mashine iwe na haraka kiasi gani ya kuhamisha kumbukumbu kwenda swapu. Mwenye diski ya kuzunguka huishusha. Mwenye RAM ndogo huongeza zram, iliyoingia rasmi kwenye keneli mwaka 2014, inayotenga sehemu ya RAM na kuibana ili ibebe zaidi; kwenye Debian unaandika tu ALGO=zstd na PERCENT=60, basi. Sarufi hii ni fupi na safi, na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Tarakimu haina lafudhi. Ukikuta 10 mahali palipokuwa na 60, huwezi kujua kama iliandikwa na aliyepima mashine yake au na aliyenakili kwa mwenzake aliyenakili kwa mwingine. Mshairi mbovu hujulikana kwa vina vyake. Mnakili wa tarakimu hafahamiki hadi siku mashine inapoganda.

Kuna mstari mmoja wa sarufi hii ninaouheshimu. Unakaa kwenye folda ya apt ya Debian:

APT::Install-Recommends "false";

Debian ukiiomba pakeji moja huleta hiyo, huleta zile ambazo haiwezi kufanya kazi bila hizo, na huleta pia zile inazopendekeza. Mstari huu unakataa mapendekezo yote kwa mkupuo. Una mkato wa mtu aliyechoka kushauriwa. Unaokoa bando, unaokoa diski, na mara moja moja unakuumbua, pale pakeji iliyoachwa ilipokuwa ndiyo inayowasha sauti au inayofungua picha. Lakini gharama yake iko wazi, na anayeuandika anajua anachokataa. Hilo haliwezi kusemwa juu ya vm.swappiness.

Sarufi ya tatu ni amri, na hapa ndipo mwandishi anapoanza kusikika. Msimamizi wa madirisha aitwaye i3, wa Michael Stapelberg wa Ujerumani, hutoka na faili ambalo karibu kila mstari wake huanza kwa kitenzi: set, bindsym, exec. Linazungumza. Halafu lina kaka yake, faili la i3status, linaloamua nini kionekane kwenye upau wa chini wa skrini na kwa mpangilio gani. Mpangilio huo umeandikwa waziwazi, mstari kwa mstari, kila mmoja ukianza kwa order. Faili la asili linataja kwanza ipv6, kisha intaneti ya bila waya, kisha ya waya, kisha betri, diski, mzigo wa prosesa, kumbukumbu, na mwisho saa.

Soma orodha hiyo kama msomaji wa tamthiliya anavyosoma nani ameingia jukwaani kwanza. Anayeingia kwanza ni IPv6, anwani za kizazi kipya za intaneti. Kwa aliyekaa mahali ambapo mtandao huo upo nyumbani na kazini, ni taarifa ya kawaida. Kwa aliyekaa bweni la Iringa akitumia simu kama modemu, kuna uwezekano mkubwa kwamba neno la kwanza atakalolisoma kila anapowasha mashine, kwa rangi nyekundu, ni kwamba IPv6 hakuna. Hakuna jana, hakuna leo, hakuna kesho. Betri, ambayo hapa ndiyo mhusika mkuu, inaingia ya nne. Sidhani kuna aliyekosea. Faili lina mahali lilipoandikwa, kama andiko lolote, na mahali hapo panajulikana kwa kutazama nini kimetangulizwa.

Sasa linganisha na mpangilio huu, nilioandika kwa ajili ya laptopu ya mtumba ya GB 2. Ni wangu, kwa hiyo sitausifu kuliko unavyostahili.

order += "battery all"
order += "disk /home"
order += "wireless _first_"
order += "memory"
order += "tztime kiswahili"

Betri kwanza. Kisha diski, kwa sababu ya GB 80 hujaa kabla hujageuka. Intaneti ni ya tatu: ikiwepo ni heri, isipokuwepo kazi inaendelea. Waya haupo, kwa kuwa tundu la waya la mashine yenyewe limekufa. IPv6 haipo. Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: hakuna mstari wa bando. Kuna programu, vnstat ya Teemu Toivola, inayohesabu data iliyotumika, ila i3status haiichukui hivi hivi, inahitaji hati ndogo ya kuiunganisha, na hati hiyo sijaiandika. Kwa mashine ya Nyanda za Juu Kusini, mpangilio usioonyesha bando una pengo.

Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda. Kwa kawaida i3status huonyesha saa kwa mtindo wa saa ishirini na nne: 20:15. Mtu wa Iringa husema saa mbili na robo usiku. Kila anapotupia jicho pembe ya skrini anatoa sita kichwani, hesabu ndogo aliyoizoea tangu utotoni hata haioni tena. Sehemu inayoufafanua mstari huo ni hii:

tztime kiswahili {
    timezone = "Etc/GMT+3"
    format = "saa %I:%M"
}

Msomaji wa haraka atadhani mstari wa pili unaitaja Tanzania, maana sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Sivyo. Katika majina ya kundi la Etc alama zimegeuzwa kwa desturi ya POSIX, na kujumlisha tatu humaanisha saa tatu nyuma. Kwa hiyo mashine inasoma saa ya mahali palipo nyuma yetu kwa saa sita, ukanda wa São Paulo. Na saa sita ndiyo tofauti iliyopo kati ya saa ya Kizungu na saa ya Kiswahili. Alama ya %I inaikata iwe ya kumi na mbili, na skrini inaandika: saa 02:15. Unasomeka kama Dar es Salaam, unamaanisha Brazili, na unatoa Kiswahili. Sijawahi kuona kejeli iliyobanwa vizuri hivyo kwenye herufi tisa, na haikuwekwa pale na mtu yeyote kwa makusudi. Iliachwa na wazee wa POSIX, ikasubiri. Haisemi kama ni asubuhi au usiku, lakini hilo dirisha litakuambia.

Mipaka ya mstari huo nayo ni sehemu ya fani yake. Umewekwa kwenye upau tu. Anayeona umempendeza akageuza ukanda wa mfumo mzima ataharibu: git itaandika -0300 kwenye kila badiliko analohifadhi, washirika wake watadhani amehamia Brazili, na tarehe ya mashine itabaki ya jana hadi saa kumi na mbili asubuhi. Umbo la nje lifuate desturi ya mtumiaji. Kumbukumbu ya ndani ifuate kanuni ambayo wote wanaisoma.

Turudi kwenye faili la i3 lenyewe, kwa mistari michache ya laptopu ile ile.

# Betri imechoka. Kitufe cha kulaza mashine kiwe karibu na kidole.
bindsym $mod+z exec systemctl suspend

# Usiku wenzangu wamelala.
bindsym $mod+F5 exec brightnessctl set 5%

# Kivinjari kisijifungue chenyewe: hula RAM, hula bando.
# exec firefox

Alama inayoanza mistari ya maelezo kila Mtanzania anaijua. Ndiyo reli tunayoibonyeza mwisho wa namba za kutuma pesa kwa simu. Kwenye simu reli humaanisha nimemaliza, tekeleza. Kwenye faili humaanisha kinyume chake: hapa usitekeleze, haya ni ya binadamu. Ndipo mahali pekee katika utanzu huu ambapo mwandishi humgeukia msomaji wa pili, mtu, na kumwambia kwa nini. Na lugha ya mahali hapo ni ya mwandishi. Mashine haijali kama ni Kiingereza, Kiswahili au Kihehe, inaruka tu.

Tazama reli ya mwisho ilivyo tofauti na zile za juu. Haielezi, inanyamazisha. exec firefox ilikuwa amri hai, ikafungwa mdomo bila kuondolewa. Aliyetaka wepesi mtupu angeifuta, na faili lingekuwa fupi kwa mstari mmoja. Kuibakiza ni kuacha ushahidi kwamba uamuzi ulifanyika, na sababu yake iko juu yake. Mistari iliyonyamazishwa ndiyo historia ya mashine. Ila ikizidi inageuka takataka. Nimeona mafaili ambayo theluthi yake ni amri zilizofungwa midomo bila maelezo hata neno moja, na hapo msomaji hawezi kujua kama ni majaribio, makosa au woga wa kufuta.

dwm, msimamizi mwingine wa madirisha, ina njia ngumu zaidi: mipangilio yake ni faili la lugha ya C, config.h, na kila badiliko linadai kukompaili upya. Watu wake huihesabia sifa kwamba msimbo wake umekusudiwa usizidi mistari elfu mbili. Mwenye nidhamu atajifunza mengi humo. Mimi naona ni fani inayomwadhibu anayejaribu, na anayejifunza anahitaji kujaribu mara nyingi. i3 husoma upya faili lake kwa vitufe vitatu, bila kufunga dirisha hata moja.

Kuna upunguzaji mwingine ambao haupunguzi chochote, nao nauhesabu kuwa dosari. Ukifungua Vim bila faili, skrini ya kwanza huonyesha maneno machache, na mara nyingi kati yake kuna ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alijitolea mwaka 1994 kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai, upande wa Uganda unaopakana na Tanzania. Programu yake aliitoa bure, akawa anaomba anayeipenda achangie kituo hicho kupitia mfuko wa ICCF Holland. Alifariki Agosti 2023. Kwenye mafaili mengi ya kunakili utakuta set shortmess+=I, mstari unaoifuta skrini hiyo. Hauokoi RAM. Hauokoi bando. Muda unaookolewa hauhisiki. Nikiukuta kwenye faili la mtu wa Mbeya, ambaye Rakai iko karibu naye kuliko ilivyokuwa kwa Moolenaar, nataka kujua kama anajua alichofuta. Kama anajua na amefuta, ni haki yake. Mara nyingi hajui, kwa sababu mstari ulikuja na mzigo.

Huo ndio ugonjwa wa utanzu huu: mafaili hupokezanwa kwa flashi na kwa GitHub, mistari ya Berlin na California ikakaa Iyunga bila kazi. Nimekutana na mipangilio ya kibodi ya Kijerumani kwenye mashine yenye vitufe vya Kiingereza, na mstari wa hali ya hewa unaouliza mvua ya mji ambao mwenye mashine hajawahi kuutaja. Mwenyewe anajivunia skrini inayoonyesha RAM iliyotumika ni MB 180. Wepesi wa namna hiyo ni pozi. Ukimuuliza mstari wa kumi na nne unafanya nini, anakuonyesha picha ya skrini.

Wepesi pia una mwisho, na faili zuri linaukiri. Anayejifunza kutengeneza programu za simu atahitaji Android Studio, ambayo inadai RAM ya GB 8, na hakuna mstari wa zram utakaoiingiza kwenye GB 2. Huyo atumie maabara ya chuo au kihariri cha kawaida na zana za mstari wa amri, akikubali uchungu wake. Mwenye netibuku ya biti 32 naye ajue kuwa Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haitoi tena kisakinishi wala keneli ya mashine hizo. Tiny Core bado inatoa toleo la biti 32.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa kompyuta wa MUST na Chuo Kikuu cha Iringa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe laptopu kuukuu na kazi moja: aandike faili la mipangilio la mashine hiyo, lisilozidi ukurasa, kila mstari ukiwa na reli yake na sababu kwa Kiswahili au lugha yoyote anayoifikiria vizuri. Lisahihishwe kama insha. Mstari unaofanya kazi bila maelezo upewe nusu ya alama, na ule ulionakiliwa bila sababu upewe sifuri, hata kama mashine imewaka.